Giaboksi Juu ya Jamvi la Karafuu

Chake Chake, Pemba
Jumatatu, baada ya Isha

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, anayelalamika ni mama watoto peke yake, na ana haki. Jamvi lake la kuanikia karafuu limo wiki ya pili sasa kwenye gereji ya fundi kule nyuma ya Gombani, na juu yake zimepangwa gia, pete, beringi na vijichuma ambavyo mpaka leo sijui vinarudi wapi. Jamvi alilitaka fundi. Alisema sakafu yake ina mchanga, na giaboksi ya kufunguliwa mchangani ni bora isifunguliwe. Nikakimbia nyumbani, nikachukua la mwanzo nililoliona. Sasa linanuka oili, na mwenyewe anasema karafuu zikianikwa pale zitanuka gari mpaka zifike Indonesia.

Ndiyo, ni ile ile Volkswagen, basi dogo lenye vitanda. Najua unacheka.

Nataka uniazime macho yako huko Mombasa, na ya kazi gani nitakwambia mbele. Kwanza sikiliza kesi yenyewe.

Unakumbuka Iddi ulipokuja, tukitoka Wete jioni, ukaniuliza kwa nini mkono wangu wa kushoto hauachii fimbo ya gia? Nikakwambia mazoea. Nilikudanganya, nisamehe. Gia ya nne ilikuwa inachomoka. Ukiwa unapanda, mguu uko kwenye mafuta, inakaa kwa adabu. Ukifika kileleni ukaachia mafuta ushuke, tak! fimbo imerudi katikati, gari inaserereka huru, na injini iko huko nyuma inanong'ona kama haikujui. Kwa milima yetu hii, na breki za gari ya mwaka 1985, si jambo la mchezo. Ulipoondoka nikaanza kuifunga fimbo kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kutoka kwenye kirungu cha gia mpaka mguu wa kiti. Gia ya nne ya gari ile huvutwa nyuma, kwa hivyo mpira ulifaa sana. Miezi miwili nimekwenda hivyo: nikifika kona nafungua, nikitoka nafunga. Watoto wa skuli ninaowapa lifti walidhani ndivyo gari za Kijerumani zilivyo.

Matumaini yangu yalikuwa kwamba ugonjwa uko mkononi, si tumboni. Maana gari hii injini iko nyuma, giaboksi iko mbele ya injini, na wewe dereva umekaa mbele kabisa juu ya magurudumu. Kati ya mkono wako na gia pana chuma kirefu kinachopita chini ya gari, kimeshikwa na bushi za plastiki. Bushi zikilika, mkono unasema nne, chuma kinasikia tatu na nusu. Mpwa wangu akalala chini ya gari siku nzima, akatia bushi mpya. Fimbo ikawa na msimamo, unaitia gia kama unafunga kitasa. Nikampa na pesa ya chipsi. Kesho yake nateremka bandarini Mkoani kupokea mzigo, tak!

Ndipo nikenda kwa fundi. Unamjua, yule mzee mwenye kofia ya kiua iliyogeuka rangi. Kitu cha mwanzo alichofanya ni kuufungua mpira wangu wa baiskeli na kuutundika ukutani, na kila mteja akiingia anaonyeshwa. Cha pili akataka kuona oili. Mimi nikashika njia ya kifuniko cha chini nimwage, akanizuia. "Fungua cha juu kwanza. Ukimwaga halafu cha kutilia kikakataa kufunguka, utaondoka hapa unasukuma." Vifuniko vile havina kichwa cha kukamata kwa spana, vina tundu la pembe sita la milimita 17, na funguo ya namna hiyo hana. Basi akachukua bolti yenye kichwa cha 17, akaikaza nati mbili zikabanana, akakipachika kichwa cha bolti ndani ya lile tundu, akazungusha nati kwa spana ya kawaida. Kikafunguka. Mimi nimesoma mpaka chuo na lile lisingenijia hata ningekaa mwaka.

Oili ilitoka kama chai ya rangi iliyomwagiwa vumbi la dhahabu. Akaikinga kwenye karai, akachukua sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, akaipitisha taratibu. Vipande vya chuma vikang'ang'ania sumaku, vingine virefu kama kucha ya mtoto. Lile vumbi la dhahabu likabaki linaelea. "Hii ya sumaku ni chuma, kuna kitu kimevunjika. Hii iliyobaki ni shaba, pete zako zinaisha." Pete hizo za shaba ndizo zinazoisubiri gia izunguke sawa na shafti kabla haijaingia, ndiyo maana zamani hata gia ya pili ilikuwa ikinilalamikia asubuhi.

Hapo likaja suala la oili. Kuna gereji moja, siitaji, iliwahi kunitilia "tisini", oili nzito ile inayotiwa kwenye difu za malori, yale meno yanayogawa nguvu kwa magurudumu. Gari hii giaboksi na difu ziko ndani ya nyumba moja, zinakunywa oili moja, kwa hivyo mtu anadhani ukitia ya difu umepatia. Waliotengeneza gari walitaka oili ya daraja la GL-4. Ile ya lori ni GL-5, ina dawa kali ya salfa kwa ajili ya meno ya difu, na dawa hiyo shaba haiipendi. Sisemi ndiyo iliyoua. Gari ina umri wake na mimi ndiye niliyeiendesha na mpira wa baiskeli. Lakini lita tatu na nusu za oili sahihi ni bei ya kilo chache za nyama, na kwa miaka sikuuliza. Hilo ndilo linaloniuma.

Giaboksi ikashushwa, ikafumuliwa. Hapa nilijifunza jambo ambalo labda wewe unalijua, mimi sikulijua: gia zote za kwenda mbele zimeumana muda wote, hakuna inayoingia wala kutoka. Unaposukuma fimbo unasogeza pete moja nene ya chuma, nayo inaifunga gia uliyoitaka kwenye shafti kwa kushika vijino vidogo vilivyo ubavuni mwake. Vijino vikiwa vikali vinang'ang'ania. Vyangu vya gia ya nne vimekuwa mviringo kama meno ya bibi mla tambuu. Na kitovu kinachoibeba pete hiyo, kile kilichopo baina ya gia ya tatu na ya nne, fundi anakiita habu, kina ufa. Mimi sikuuona. Akakipaka dizeli, akakiacha kidogo, akakifuta kikakauka, halafu akakisugua unga wa chaki. Dizeli iliyojificha ndani ikatoka ikachora mstari mwembamba mweusi kwenye weupe. Nikanyamaza.

Basi pale pale, mikono bado ina grisi, akaniambia: "Mgonjwa keshapasuliwa. Kama kuna la kuongeza, ongeza sasa, mimi sitashona mara mbili."

Neno hilo limenikosesha usingizi.

Mpwa wangu alishaamua kabla yangu. Usiku uleule simu yake imejaa picha za giaboksi za gia tano. Ulaya waliacha kuzitengeneza gari hizi mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini Afrika Kusini waliendelea mpaka 2002, kwa hivyo huko gia tano zipo, tena za usukani wa kulia kama wetu. Nikaona na mimi moyo unakwenda. Gia tano! Nikajiona niko kwenye ile nyika ya Hedaru na Same, dirisha wazi, injini imetulia, wewe upande wa pili unamenya chungwa. Kisha tukapiga hesabu. Giaboksi peke yake, bila meli wala ushuru, mara tatu ya kuitengeneza hii. Na chuma cha gia nacho kibadilishwe. Na gia ya kwanza inahama, inakuwa kushoto nyuma, mkono wangu wa miaka kumi uanze darasa la kwanza. Na ni mtumba. Nani ameifungua akaipaka dizeli na chaki kabla ya kuniuzia? Hiyo nikaifuta bila ya machozi mengi.

La pili likawa difu ya kujifunga, ile inayozuia gurudumu moja kuzunguka ovyo jingine limesimama. Hili nililiwazia kwa sababu ya Vumawimbi. Sijakwambia ya Vumawimbi. Nilipeleka familia siku ya Jumapili, tukapita msitu wa Ngezi salama salimini, kufika ufukweni nikataka kugeuza gari ili mlango uangalie bahari, watoto walale wakiona maji. Nikazama mpaka ekseli. Wavuvi wakaja sita, wakasukuma, gurudumu la kushoto likawarushia mchanga usoni na la kulia limetulia tuli. Mmoja wao, mzee kabisa, akauliza, "Upepo umepunguza?" Sikuwa nimepunguza. Tukatoa upepo magurudumu yote mpaka yakalala kama mkate wa mofa, gari ikatoka yenyewe kama inayoona haya. Uzito wa injini unakaa juu ya magurudumu yanayovuta, ndiyo rehema ya gari hizi. Kwa hivyo difu mpya ningenunua ili kutibu ujinga ambao keshautibu mzee mmoja kwa neno moja. Nayo nikafuta.

La tatu ndilo gumu.

Gia ya nne haina budi kubadilishwa, maana vile vijino ni sehemu ya gia yenyewe. Sasa, ikiwa nanunua gia ya nne kwa vyovyote, kwa nini nisinunue ndefu zaidi, yaani inayoifanya injini izunguke mara chache kwa mwendo ule ule? Ya asili uwiano wake ni 0.85. Wapo wanaotengeneza mpya za 0.77. Fundi alikwenda kwenye mlango wa gereji, hana karatasi, hesabu zake zote ziko pale kwa chaki, baina ya namba za simu na madeni ya watu. Uwiano wa difu ya gari hii ni 4.86. Mara 0.85, injini inazunguka mara 4.13 gurudumu likizunguka mara moja. Mara 0.77, inakuwa 3.74. Tukapima gurudumu kwa uzi. Kwa mwendo wa 80, injini sasa inazunguka kama mara 2,700 kwa dakika. Kwa ile ndefu ingekuwa kama 2,450. Tofauti mizunguko 250. Kelele zinapungua, mafuta yanapungua kidogo, na injini ikipumzika inaishi.

Nikasema, basi tutie. Fundi akapangusa mikono akaniuliza, "Hapa Pemba 80 unaiendea wapi?"

Sahibu, nilikwenda nyumbani nikalifikiri swali lile kwa dhati. Kisiwa chote kutoka kusini mpaka kaskazini hakifiki kilomita 70. Barabara ya Chake kwenda Wete unaijua, kona na mlima, mlima na kona, na msimu huu kila penye lami ya jua watu wameanika karafuu pembeni, unapita kama unapita msikitini. Gia ya nne naitumia vipande. Nimeishi kwenye gia ya tatu. Nikiirefusha ya nne, nguvu inayofika kwenye gurudumu inapungua karibu moja ya kumi, na injini hii ina farasi 78 tu, ikibeba vitanda, jiko, tangi la maji na watoto wangu. Pengo baina ya tatu na nne litakuwa kubwa: tatu inalia, nne inakohoa. Nitakuwa nimenunua gia mpya ya kutoitumia. "Ukitaka kuruka agana na nyonga," fundi kaniambia, na nyonga ndiyo hizo farasi 78.

Kwa hivyo jibu ni rahisi, utasema. Tia ya asili, funga, rudisha jamvi. Lakini kuna wewe.

Gia ndefu ina mahali pake, na mahali hapo ni Bara: Segera, Korogwe, Mombo, nyika mpaka Same na Moshi. Ni safari yetu. Mwaka wa nne huu tunasema "msimu ukiisha". Gari ipande meli ya Tanga, wewe uje kwa mpaka wa Horohoro, tukutane, tukalale Lushoto kwenye baridi tujifunike mablanketi kama Wasambaa. Nimeisimulia safari hiyo barazani mpaka watu wananiuliza picha ziko wapi. Na nilipokuwa naitazama ile 3.74 mlangoni nikagundua kwamba sikuwa nachagua gia, nilikuwa najaribu kukulazimisha uje kwa kununua kitu cha bei. Kama mtu anayenunua tiketi mbili kabla ya kuuliza.

Na hata tukienda. Kutoka Mombo kupanda Lushoto utakuwa kwenye gia ya pili na ya tatu, hiyo ndefu itakuwa imelala. Inabaki ile siku moja ya nyika, kwenda, na siku moja ya kurudi. Kwa siku mbili hizo naweza kwenda 70 badala ya 80 na tukazungumza zaidi.

Nimeamua hivi: 0.85. Pesa iliyobaki naitia pasipoonekana. Habu mpya. Pete za shaba zote nne, hata zile ambazo bado zinajiweza. Beringi. Sili ya nyuma ya injini, ambayo ilikuwa imeanza kutoa jasho, na klachi nzima na beringi yake ya kusukumia, maana injini na giaboksi zimeshaachana, na kuja kuziachanisha tena baada ya miezi sita kwa ajili ya sili ya bei ya kilo ya sukari ni kujitafutia matusi. Mpwa wangu amenuna. Anasema nimetumia mamilioni na gari itakuwa vilevile ilivyokuwa. Nikamwambia ndiyo, ilivyokuwa 1985.

Sasa kazi yako. Gia ya nne ya asili mpya sikuipata. Yupo mwenye spea mtumba huko kwenu, mpwa wangu atakutumia namba yake na mahali alipo, anasema ana giaboksi iliyofumuliwa, gia ya nne anayo. Kwenye picha zote ni nzuri. Nenda uione kwa macho. Chukua tochi. Vile vijino vya ubavuni viwe na ncha kali, kama paa la makuti linavyokutana juu. Vikiwa vimelala au mviringo, rudi nyumbani. Tazama kama chuma kimegeuka rangi ya buluu mahali popote, hiyo imeungua. Pitisha ukucha kwenye meno makubwa, ukikwama kwenye vijishimo, achana nayo. Na la muhimu kuliko yote: usikubali moja. Gia hizi zinakwenda pacha, ya shafti ya juu na mwenzake wa chini, zimeliana meno pamoja, ukichukua moja peke yake itaimba mpaka uichukie. Hesabu meno ya zote mbili uniandikie kabla ya kulipa, fundi ameshahesabu zetu.

Ukiridhika, mpe yeyote wa kwetu anayekuja kwa njia ya Tanga. Zifunge kwenye kitambaa chenye oili, si gazeti, gazeti linavuta chumvi ya bahari. Pesa nitakutumia siku hiyo hiyo kwa simu.

Na lile jingine nijibu kwa unyoofu, safari ipo au haipo. Sitakasirika. Lakini fundi anataka kufunga, na akishafunga 0.85 hafungui tena, amekwisha sema. Mpaka Ijumaa ijayo ataniwekea nafasi. Baada ya hapo kuna lori la mchanga linasubiri mahali pangu.

Jamvi nilinunua jipya sokoni, zuri, la ukili mwembamba. Nililikunjua mbele ya mama watoto ukumbini kwa mbwembwe. Akalitazama, akaniambia lake lilikuwa la mamake, na nilirudishe likiwa halina harufu. Kwa hivyo kama huko Mombasa yuko anayejua namna ya kutoa oili ya gia kwenye ukili bila ya kuuozesha, muulize na hilo, tena uanze na hilo.

Wasalimie shemeji na watoto. Mama anakusalimu, anauliza kama bado unakunywa chai bila ya sukari.

Wako,
mwenye mpira wa baiskeli